Materinite Ambayo Wamama Waliikataa

Nyumba ya kwanza ya wagonjwa niliyoisimamia mwenyewe, kutoka msingi hadi paa, ilikuwa nzuri hata watu wa pikipiki walipunguza mwendo barabarani ili waiangalie. Ukuta ulinyooka, rangi ilikuwa nyeupe juu na kijani chini, mabati yalimetameta. Ilikuwa na kasoro moja tu: hakuna mgonjwa aliyetaka kulala ndani yake.

Naanza na hiyo kwa makusudi. Ninyi vijana mnaojifunza uashi hapa Kasongo na kule Kabambare mnapenda kuniuliza juu ya majengo yangu yaliyofaulu. Hayo hayakunifundisha kitu. Nitawaambia juu ya lile lililonitia aibu, kwa sababu karibu kila ninachokijua juu ya kumjengea mgonjwa nilikipata humo.

Jina langu ni Musafiri. Mwiko niliushika nikiwa kijana kama ninyi, na nimeuweka chini juzi tu, mgongo ulipokataa kuinama. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kabemba, mwashi wa Kasongo, mtu mfupi, mkali, asiyejua kusoma. Asubuhi alikuwa anapita kwenye rundo la matofali ya kuchoma, anachukua mawili, anayagonganisha karibu na sikio. "Ikilia, jenga nayo," alisema. "Ikinyamaza, tupa." Mpaka leo sijui kipimo kinachoshinda hicho.

Mara moja nilijenga ukuta ukapinda kwa upana wa kidole. Nikaona niufunike kwa plasta, nani atajua? Mzee akaja na timazi yake, ile kamba yenye kizito cha kupimia ukuta, akaangalia. Akaenda kuchukua nyundo, akanikabidhi. Nilivunja ukuta wangu mwenyewe huku wenzangu wanakunywa chai.

"Plasta ni nguo," aliniambia nilipomaliza. "Mutu anaweza kuvaa nguo nzuri, lakini kidonda iko palepale."

Basi alinifundisha kujenga ukuta. Juu ya mtu anayelala nyuma ya ukuta hakunifundisha, na simlaumu, sisi sote tulijenga hivyo. Shule, duka, ofisi, dispensari, vyote vilikuwa sanduku moja lenye mlango mbele na madirisha pembeni. Tulibadilisha kibao tu.

Kwa hiyo watu wa mradi mmoja walipotuletea plani ya materinite, nyumba ya kuzalia, katika kijiji kimoja upande wa Lusangi, niliifuata sentimita kwa sentimita. Mlango mkubwa ulitazama barabara, ili jengo lionekane. Baraza pana ilikuwa mbele. Chumba cha kuzalia kilikuwa cha kwanza mkono wa kuume, na madirisha yake makubwa yalitazama barabara pia, ili akushezi apate mwanga. Akushezi ndiye mama anayezalisha. Siku ya kukabidhi jengo kulikuwa na ngoma, hotuba na mbuzi wawili. Nilipigwa picha nikiegemea nguzo. Nilivimba kichwa, siwafichi.

Miezi kadhaa baadaye nilipita pale kwa baiskeli, nikitafuta mbao. Nikamkuta akushezi ameketi kwenye ngazi, peke yake, anachambua karanga. Alikuwa Mama Mwamini, mzaliwa wa Kasongo mjini, mwenye kilemba cheupe na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nikamsalimu, nikaingia ndani nikaione kazi yangu, naye akanifuata. Kwenye sakafu ya chumba cha kuzalia, karanga zilikuwa zimeanikwa kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni karanga, fundi. Sakafu yako ni nzuri, zinakauka upesi."

"Na wazazi, wamama wa kuzaa, wako wapi?"

"Wanazalia kwao. Hapa hawataki."

"Hawataki kwa nini? Nyumba mbaya?"

Aliweka chini karanga alizoshika. Kisha akapanguza kitanda cha kuzalia kwa kitambaa.

"Lala," akasema.

"Mimi? Mwanaume?"

"Kitanda haijui mwanaume. Vua viatu, lala. Unataka kujua, ao hutaki?"

Nikalala. Ilikuwa karibu saa sita ya mchana. Kitu cha kwanza nilichoona ni bati tupu juu yangu, na joto lake likanishukia usoni kama nimeinamia chungu. Nikageuza kichwa kulia, mwanga wa dirishani ukanipiga machoni. Nikageuza kushoto, ukuta mtupu. Nikasikia wanaume wanazungumza kwenye baraza juu ya mbuzi aliyepotea. Walikuwa karibu hata ningeweza kuwajibu. Kisha Mama Mwamini akaenda akafungua mlango wa chumba, ule uliokuwa mbele ya miguu yangu. Nikaona mlango mkubwa, na nje yake barabara. Mtu mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Akageuka, akanitazama kati ya magoti yangu, akasema, "Jambo, fundi!"

Ninyi chekeni. Yule wa baiskeli pia alicheka. Mimi nilikuwa nimevaa suruali na mkanda, lakini nilijisikia uchi kabisa. Niliruka kutoka kitanda kile kama kimeshika moto.

Mama Mwamini hakucheka. "Umelala dakika tano tu," akasema, "na wewe huumwi."

Kisha akavaa kandambili, akaniambia nimfuate. Tulikwenda nyumba ya tano au ya sita nyuma ya soko. Pale palikuwa na mwanamke kijana anayeitwa Sifa, anatwanga mihogo pamoja na mama mkwe wake. Mama Mwamini akamwambia, "Huyu njo fundi aliyejenga. Mwambie."

Sifa aliendelea kutwanga kidogo. Halafu akaweka mchi chini, akaniambia bila kuniangalia, maana kwetu mwanamke kijana hamkazii macho mwanaume wa rika langu.

Mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika siku zake. Uchungu ulimshika asubuhi ya siku ya soko. Yeye na mama mkwe walikwenda mpaka materinite, wakafika karibu na mti wa mpapai ulio ng'ambo ya barabara, wakasimama.

"Baba mkwe wangu alikuwa ameketi pale kwenye baraza na wenzake," akasema. "Siku ya soko wanaume wote wanaketi pale, kuko kivuli. Ningepitaje mbele yake nikilia, fundi? Ningelala mule ndani aje, yeye anasikia?"

Wakarudi nyumbani. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Ilipoonekana kwamba hatatoka, wanaume walimbeba Sifa kwa tipoyi, kile kiti cha kubebea mgonjwa mabegani, wakaanza njia ya Kasongo. Yeye alifika akiwa hai. Mtoto hakufika.

 Nilisema pole, na neno lile lilikuwa dogo mno mdomoni mwangu. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Aliokota mchi wake akaendelea na kazi.

Nilirudi kwenye jengo langu nikasimama barabarani, pale kwenye mpapai. Kila kitu kilikuwa kimenyooka. Timazi ya Mzee Kabemba isingeona kosa lolote. Palepale nikaamua kwamba ukuta ule utavunjwa, na nitauvunja mimi.

Kuamua ni rahisi. Msimamizi wa mradi aliponisikia alidhani nimeugua malaria ya kichwa. "Plani iko na muhuri," akasema. "Jengo imekabidhiwa. Ukigusa tofali moja, utajibu."

"Nitajibu," nikamwambia.

Lakini sikugusa kitu bila ruhusa, na ninyi msiguse. Nyumba ya wagonjwa haina fundi mmoja tu. Ina watu wa afya wanaojua mambo ambayo sisi hatuyajui. Nikaenda Kasongo kumwona daktari mkubwa wa zone ya afya. Mara ya kwanza niliambiwa yuko safarini. Mara ya pili nikaambiwa niandike barua. Nikaandika, nikangoja, barua ikalala. Mvua ilikuwa imeanza, na ile njia mnaijua: unaendesha baiskeli nusu ya safari, nusu nyingine baiskeli inakuendesha wewe. Mara ya tatu sikwenda peke yangu. Nilimpakia Mama Mwamini pikipiki, na mama mkwe wa Sifa pikipiki nyingine, tukaenda tukaketi kwenye benchi mbele ya ofisi. Mama mkwe akafungua kifurushi chake cha mihogo na karanga, akawagawia watu wote waliokuwa wanangoja, akisema wazi kwamba amekuja na chakula cha siku mbili.

Daktari alituita kabla ya adhuhuri. Alikuwa kijana, mwenye uchovu machoni. Alimsikiliza mama yule mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Na nani atachora plani mpya?" akaniuliza.

"Wao," nikasema, nikiwaonyesha wale mama wawili.

Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka, kama mtu aliyeanza kuona maana ya neno. Akatukubalia kwa masharti. Kazi ya chanjo na ya kutibu watoto isisimame hata siku moja wakati tunajenga. Na chumba cha kuzalia kibaki chenye kuoshwa kwa maji na dawa, sakafu na ukuta, bila ufa na bila mbao zinazonyonya damu. Sharti hilo la pili lishikeni maisha yenu yote. Uzuri unaoficha uchafu unaua.

Sasa nawaambia jinsi tulivyochora, kwa sababu njia hiyo niliitumia mpaka nilipostaafu. Siku hizi mnachora kwenye simu, mnageuza nyumba juu chini kwa kidole, na ni jambo zuri. Lakini mama wa kijijini hawezi kuingia ndani ya simu yako. Tulichukua majivu ya jikoni, tukachora nyumba chini, kwa ukubwa wake wa kweli, kwenye uwanja nyuma ya jengo. Wamama wakaja, wa kanisani na wa msikitini, wakawafukuza wanaume wote isipokuwa mimi. Tukamwomba mmoja mwenye mimba kubwa atembee ndani ya majivu, aingie, alale kwenye mkeka, ainuke, aende kuoga, arudi. Alipokwama, tulifuta mstari kwa mguu tukachora upya.

Walijua wanachotaka kuliko injinieri yeyote. Mlango wa wazazi na chumba cha kuzalia viwe nyuma, upande wa migomba, na mlango wa mbele ubaki kwa chanjo na watoto wenye homa. Mtu akiingia akutane kwanza na ukuta, ndipo akunje kona, ili hata mlango ukiwa wazi jicho lisifike kitandani. Karibu na kichwa cha mzazi kuwe na benchi ya mama yake. "Mama yangu akae wapi?" waliuliza mmoja baada ya mwingine, na mimi nilishangaa, maana kwenye plani ya kwanza mama wa mtu hakuwepo kabisa. Walitaka jiko la kupasha maji na kusonga bukari, ugali wetu, lenye kuta na paa, ili walinzi wa mgonjwa, ndugu wanaomtunza, wasipike mvuani. Walitaka pa kuoga palipofungwa, na shimo la kuzikia kondo la nyuma, lenye kifuniko, mahali wanapopaona wenyewe.

Waligombana pia. Wamama wazee walitaka mtu azae amechuchumaa, kama mama zao. Mama Mwamini akasema yeye alifundishwa kitanda. Maneno yakapanda. Mwishowe akaniuliza kama naweza kutia chuma ukutani, cha kushika kwa mikono miwili, imara. Nikasema naweza. "Basi tia," akasema, "atakayetaka ashike, atakayetaka alale. Mimi nitainama." Wakapiga vigelegele, na yeye akajifanya amekasirika.

Sifa alikuwa ameketi mwisho kabisa wa mkeka. Watu walipoanza kufunga vitambaa vyao waende, akaongea.

"Kule Kasongo walinilaza pamoja na wale wenye watoto," akasema. "Sikulaumu mutu, nafasi haikuwako. Lakini maziwa yangu yalikuwa yanatoka, na watoto wa wenzangu wanalia. Kila wakilia, yanatoka. Fundi, fanya chumba kidogo. Kwa mama ambaye anarudi mikono mitupu."

 Mama mkwe wake alimsogelea akamshika bega. Mimi nilichukua majivu, nikachora mstari mahali ambapo plani iliweka ghala. Ghala ningepata pengine.

Siku ya kuvunja, nyundo ya kwanza niliipiga mimi. Fundi mmoja wa kundi langu alinishika mkono. "Musafiri," akasema, "unavunja jina lako."

"Jina gani?" nikamwambia. "Mule ndani kuna karanga tu."

Tulifanya kazi nusu kwa nusu, upande mmoja ukijengwa, mwingine ukitumika. Wanaume wa kijiji walichoma matofali, na baba mkwe wa Sifa alikuwa wa kwanza kubeba kuni za tanuru.  Nilitia matofali ya matundu kwenye baraza ya nyuma, hewa ipite, jicho lisipite. Niliinua paa nikaacha nafasi chini ya bati ili joto litoke, na chini yake nikatia dari. Msisahau dari! Bila dari, mvua ya kwetu ikipiga bati, mzazi anapiga kelele na akushezi aliye hatua tatu hamsikii. Kisha nikashusha madirisha. Nililala kwenye kila kitanda, nikamwambia mwenzangu aweke alama ukutani pale jicho langu lilipofika, na dirisha likaanzia hapo. Mgonjwa aone majani, aone mtu anapita na ndoo, ajue dunia bado inaendelea na inamngoja.

Si kwamba baada ya hapo sikukosea tena. Miaka mingi mbele, kwenye dispensari moja ya Nyangwe, nilipanga vitanda kwa mstari mzuri, vichwa vyote ukutani. Mzee mmoja mfanyabiashara, mgonjwa wa mapafu, nilimwona kila saa ya sala anajipinda kama samaki, anahema. Nikamwuliza. Akasema kwa upole, "Kibla iko nyuma ya kichwa yangu, mwanangu. Lakini usijisumbue, Mungu anaona." Mungu aliona, ndiyo, ila mimi sikuwa nimeona. Asubuhi ileile tuligeuza vitanda vyote vya chumba kile. Wakristo hawakupungukiwa na kitu, na yule mzee alisali akiwa ametulia kwa siku alizobakiwa nazo. Tangu hapo niliuliza upande wa kibla kabla ya kuuliza upande wa upepo. Ulizeni. Kuuliza hakujawahi kubomoa nyumba.

Lakini mnataka kujua kule Lusangi mambo yaliishaje.

Wamama hawakuja mara moja. Wiki ya kwanza alikuja mmoja, kwa kujificha, kupitia migombani. Aliporudi kwao na mtoto wake, wakamwuliza maswali mpaka akachoka. Baadaye wakaja wawili, watatu, na Mama Mwamini akalalamika kwamba hana tena mahali pa kuanika karanga. Chumba kidogo kilitumika pia. Sikuwahi kuingia humo kukiwa na mtu, lakini Mama Mwamini aliniambia kwamba mama mmoja alikaa siku tatu, anatazama migomba, na hakuna aliyemharakisha.

Msimu wa mvua wa pili nilikuwa pale kurekebisha mfereji wa maji jikoni. Asubuhi, siku ya soko, nikamwona Sifa anakuja kwa njia ya nyuma, tumbo mbele, mama mkwe amemshika kiuno. Alitembea polepole, akisimama kila uchungu ulipomshika. Alipofika mlangoni alipotelea nyuma ya kona ya ukuta. Upande wa barabara wanaume walikuwa wameketi kama kawaida, baba mkwe wake akiwa kati yao, na hakuna aliyegeuza kichwa, kwa sababu hakuna aliyejua.

Nilibaki kwenye mfereji, mwiko mkononi, lakini kazi ilikuwa haiendi. Saa zilipita. Mwishowe nikasogea kidogo, nikapita jiko, nikaanza kukaribia ile baraza ya nyuma. Nilitaka kujua tu. Mama Mwamini akatokea kwenye kona, mikono imelowa, macho makali.

"Fundi, unaenda wapi?"

"Mama, nilitaka..."

"Wanaume wanakaa mbele. Hukujenga wewe? Rudi!"

Nikarudi. Nikazunguka jengo lote, nikaketi kwenye baraza karibu na baba mkwe wa Sifa, ambaye alikuwa anasimulia bei ya chumvi. Nikaweka mgongo wangu kwenye ukuta, nikasikiliza kwa nguvu zangu zote. Sikusikia kilio cha mama wala mlango. Sikusikia kitu hata kimoja, mpaka mama mkwe alipokuja mwenyewe kutoka upande wa migomba, anafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akamwambia mume wake: "Ni musichana. Wote wawili ni wazima."

Yule mzee akaruka juu. "Saa ngapi?" akauliza. "Alikuja saa ngapi? Mbona sisi hatukumwona?"